"The Call of Ktulu" ya Metallica: rekodi nne za utunzi mmoja, na ipi ikufae

Miongoni mwa kazi za Metallica, bendi ya hevi metali iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1981 na kisha kuhamia eneo la San Francisco, upo utunzi mmoja usio na neno hata moja la kuimbwa ambao umetolewa kwa sura kadhaa, kiasi kwamba msikilizaji mgeni hajui ashike ipi aache ipi. Utunzi huo ni "The Call of Ktulu". Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1984 ukichezwa na vijana wanne. Ukarudi mwaka 1999 ukisindikizwa na okestra ya San Francisco Symphony, ukarudi tena na okestra hiyohiyo katika tamasha la mwaka 2019 ambalo albamu yake ilitoka mwaka 2020, na mwaka 2024 ukachezwa kwa chelo na kundi la Apocalyptica kutoka Finland, huku besi ya marehemu Cliff Burton ikichukuliwa kutoka katika rekodi ya zamani na kuwekwa ndani ya rekodi mpya. Nimezilinganisha hapa rekodi hizo nne kwa faida ya mtu anayetaka kujua anunue ipi, au walau aanze na ipi.

Ili ulinganisho ueleweke, hukumu yangu naitanguliza. Utunzi huu ulikuwa wa kisimfoni kwa maumbile yake kabla fidla hata moja haijausogelea. Okestra ilipokuja miaka 15 baadaye iliukuta umekwisha kusimama, ikauongezea sauti ambazo magitaa hayawezi kuzitoa na wakati huohuo ikaufunika mahali fulani palipokuwa wazi. Hakuna rekodi hata moja kati ya nne inayokupa yote mawili, yaani uwazi wa mwanzo na upana wa baadaye, na ndiyo maana swali la kuchagua lina maana.

Ni vizuri kwanza kujua utunzi wenyewe ulivyo. Waliotajwa rasmi kuwa watunzi ni James Hetfield (mwimbaji na mpiga gitaa), Lars Ulrich (mpiga dramu), Cliff Burton (mpiga besi) na Dave Mustaine. Huyu wa mwisho alikuwa mpiga gitaa la solo aliyefukuzwa katika bendi mwezi Aprili 1983, karibu mwaka mzima kabla ya rekodi kufanyika, na nafasi yake ikachukuliwa na Kirk Hammett, ambaye solo zinazosikika ni zake lakini jina lake halimo katika orodha ya watunzi. Mustaine aliondoka na mawazo yake kichwani: anayeusikiliza "Hangar 18", wimbo wa bendi yake ya Megadeth uliotoka mwaka 1990, ataukuta mfuatano wa nota ulio ndugu kabisa wa ule wa "Ktulu". Jina la utunzi limetokana na "The Call of Cthulhu", hadithi ya H. P. Lovecraft, mwandishi wa Kimarekani wa hadithi za kutisha, iliyochapishwa mwaka 1928 katika jarida la Weird Tales, inayohusu kiumbe wa kale aliyelala chini ya bahari akingoja kuamka. Tahajia ya bendi ni tofauti na ya mwandishi.

Kuamka huko ndiko utunzi unakokufuata hatua kwa hatua. Huanza gitaa moja lenye sauti safi, nota zikidonolewa mojamoja, bila haraka, katika mzunguko unaorudi ulikotoka. Gitaa la pili huingia, kisha dramu, kisha uzito wote wa magitaa yaliyokwaruzwa, yaani ambayo sauti yake imechafuliwa makusudi kwa umeme, na kuanzia hapo kila mzunguko unaongeza kitu juu ya uliotangulia hadi solo ndefu ya Hammett, baada yake mzunguko wa mwanzo hurejea na mambo kufungwa kwa mapigo mazito yenye mianya kati yake. Hapana ubeti, hapana kiitikio. Wazo moja dogo linakuzwa kwa karibu dakika 9, na hiyo ni njia ya watunzi wa muziki wa okestra kuliko ya watunzi wa nyimbo za roki. Burton, aliyewahi kusomea muziki na aliyempenda mno Johann Sebastian Bach, ndiye kwa kawaida hupewa heshima ya kuwafungulia wenzake mlango huo wa mpangilio na upatanifu wa sauti.

Rekodi ya 1984 ndiyo inayofunga albamu ya Ride the Lightning, iliyorekodiwa katika studio ya Sweet Silence mjini Copenhagen, Denmark, nchi alikozaliwa Ulrich, chini ya mtayarishaji Flemming Rasmussen. Ubora wake mkubwa ni besi. Burton hakuipiga besi kama mtu aliyepewa kazi ya kushika msingi na kunyamaza. Aliipitisha katika kifaa cha kukwaruza sauti na katika pedali ya mguu inayoifanya ala ilie "wa-wa", kisha akaitembeza juu ya magitaa kana kwamba gitaa la solo ni lake yeye. Sikiliza sehemu ambayo magitaa mawili yameshika kipande kimoja kizito na kukirudia bila kubadilika: kinachosogea chini yake, kinachonguruma na kupanda na kushuka kama chenye hasira ya pekee, ni besi. Katika rekodi za roki za wakati ule ni nadra besi kuachiwa uwanja mpana namna hiyo, na katika rekodi zote za baadaye za utunzi huu, isipokuwa ile ya 2024, uwanja huo umekwisha kukaliwa na wengine.

Upungufu wake nao hauna budi kutajwa. Sauti ni ya miaka ya themanini: dramu zina mwangwi mwingi, magitaa ni membamba kuliko yale tunayoyazoea leo, na anayeisikiliza kupitia spika ya simu, kama tunavyofanya wengi wetu, hataisikia besi hata kidogo na atajiuliza sifa zote hizi zinatoka wapi. Yapo matoleo yaliyosafishwa upya yaliyotolewa mwaka 2016, na kwa anayenunua leo hayo ndiyo yanayopatikana kwa urahisi. Lakini kwa rekodi hii spika za masikioni zilizo nzuri zitakufaa kuliko toleo lolote.

Rekodi ya 1999 inahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayojulikana na wengi na ndiyo yenye maamuzi mengi ya kimuziki ndani yake. Ilifanyika katika usiku miwili, tarehe 21 na 22 Aprili 1999, katika ukumbi wa Berkeley Community Theatre jimboni California, na albamu yake, S&M (yaani Symphony na Metallica), ikatoka Novemba mwaka huohuo katika diski mbili. Aliyeandika sehemu za okestra na kuiongoza alikuwa Michael Kamen, mzaliwa wa New York aliyesomea obo, ala ya jamii ya zumari, katika shule ya Juilliard, na ambaye jina lake lilikuwa kubwa katika muziki wa sinema: Die Hard na Lethal Weapon ni miongoni mwa kazi zake. Hakuwa mgeni kwa bendi, kwani ndiye aliyepanga sauti za nyuzi za "Nothing Else Matters" katika albamu yao ya mwaka 1991.

Uamuzi wa kwanza wa maana katika S&M ni wa mahali. Utunzi uliokuwa mwisho wa albamu umepelekwa mwanzo wa tamasha, mara tu baada ya okestra kucheza "The Ecstasy of Gold" ya Ennio Morricone, muziki wa sinema ya mwaka 1966 ambao Metallica wamezoea kuutumia kufungulia maonyesho yao. Mpenzi wa taarab ya Unguja hahitaji kuelezwa hili kwa kirefu: ni kazi ileile ya bashraf, ambapo ala hucheza peke yake kabla mwimbaji hajasimama, masikio ya ukumbi yakatulia na kila mpigaji akajulisha kuwa yupo. Hetfield haimbi neno kwa zaidi ya dakika 12 za mwanzo wa tamasha la hevi metali, na ukumbi hauchoki.

Uamuzi wa pili, uliokuwa mgumu zaidi, ni nini hasa okestra ifanye. Njia rahisi, ambayo bendi nyingi ziliifuata kabla na baada ya hapo, ni kuziambia fidla zirudie kile kinachopigwa na magitaa ili sauti inenepe. Kamen mara nyingi aliikwepa. Mzunguko wa gitaa la mwanzo unapozunguka, nyuzi hazimfuati Hetfield. Zinatandaza sauti ndefu chini yake na kuleta nota ambazo hazikuwamo mwaka 1984, na matarumbeta na tromboni yanapoingia huja na kauli zao wenyewe, wakati mwingine yakijibu gitaa, wakati mwingine yakilikatiza. Katika sehemu nzito ya katikati matokeo yake ni kitu ambacho magitaa mawili hayawezi kukitoa kamwe, yaani hisia kwamba kiumbe anayeamka ni mkubwa kuliko jukwaa. Sehemu hiyo, kwa sikio langu, ndiyo kilele cha albamu nzima, na nyimbo 19 zinazofuata hazifiki tena pale, ingawa "No Leaf Clover", iliyotungwa mahsusi kwa tamasha hilo, inakaribia.

Gharama yake iko palepale penye faida. Jason Newsted, aliyechukua nafasi ya Burton baada ya ajali ya basi iliyomuua Burton nchini Sweden tarehe 27 Septemba 1986, alikuwa mpigaji mahiri, lakini alipiga kwa kidonoo, kipande kidogo cha kudonolea nyuzi badala ya vidole, na alijua kwamba mahali pa besi sasa pana chelo, besi kubwa za kusimama na tromboni. Ule mnguruo wa Burton umekuwa sehemu tu ya wingu. Tena kuna pahali ambapo dramu za Ulrich na okestra havikai sawasawa katika mchanganyo, nyuzi zikasukumwa nyuma hadi zikasikika kama kivuli; tatizo hilo ni la kawaida mno katika rekodi za jukwaani ambapo maikrofoni ya fidla huchukua pia kelele za dramu iliyo karibu. Watoaji wa tuzo za Grammy hawakuona hayo kuwa kasoro kubwa: mwaka 2001 rekodi hii ilishinda katika kipengele cha utumbuizaji bora wa roki wa ala tupu, ikiandikwa kwa jina la Metallica pamoja na Kamen na okestra. Kamen alifariki London mwezi Novemba 2003.

Kuhusu rekodi ya pili na okestra maelezo yanaweza kuwa mafupi, kwa sababu kilichoandikwa kwenye karatasi za wanamuziki ni kilekile cha Kamen. S&M2 ilirekodiwa tarehe 6 na 8 Septemba 2019 katika ukumbi mpya wa Chase Center mjini San Francisco, ikatoka Agosti 2020. Kilichobadilika ni watu, jengo na vifaa. Mpiga besi sasa ni Robert Trujillo, anayepiga kwa vidole kama Burton alivyofanya, na jambo hilo peke yake linairudishia besi sehemu ya joto lake. Okestra iliongozwa kwa sehemu kubwa na Edwin Outwater, huku Michael Tilson Thomas, mkurugenzi wa muziki wa San Francisco Symphony wakati huo, akiingia katikati ya tamasha. Badala ya ukumbi wa michezo ya kuigiza wa watu wapatao 3,500, ni uwanja wa mpira wa kikapu unaochukua zaidi ya watu 18,000, na wanamuziki wote waliwekwa katikati, watazamaji wakiwazunguka pande zote.

Rekodi hii ni safi kuliko ile ya 1999. Kila kundi la ala linasikika lilipo, na mtu anayetaka kujifunza Kamen aliandika nini hasa atapata mengi zaidi hapa. Hata hivyo usafi huo umekuja pamoja na utulivu fulani. Mwaka 1999 bendi ilikuwa haijui kama jambo hili litafanikiwa, na wasiwasi huo unasikika katika namna wanavyousukuma mwendo. Mwaka 2019 kila mtu alijua, ukumbi ulijua, na "Ktulu" ikachezwa kama kumbukumbu ya jambo lililokwisha kupendwa. Aliye na S&M nyumbani hana haja ya kuinunua S&M2 kwa ajili ya utunzi huu peke yake. Sababu nzuri ya kuinunua iko kwingine ndani ya albamu hiyohiyo: imo "The Iron Foundry" ya Mrusi Alexander Mosolov, muziki wa miaka ya ishirini unaoiga mngurumo wa kiwanda cha chuma, imo sehemu moja ya Scythian Suite ya Sergei Prokofiev, na imo "(Anesthesia) Pulling Teeth", solo ya besi ya Burton kutoka albamu ya kwanza ya mwaka 1983, ikichezwa na Scott Pingel, kiongozi wa wapigaji besi wa okestra hiyo, kwa besi ya kusimama iliyounganishwa na umeme. Pingel alipofika mahali pa kukwaruza, alikwaruza kwelikweli. Kama lengo lako ni kumfahamu Burton kupitia okestra, hizo dakika chache za Pingel zina thamani kuliko "Ktulu" yote ya 2019.

Rekodi ya nne ni ya aina nyingine kabisa. Apocalyptica walianza mwaka 1993 wakiwa wanafunzi wa Sibelius Academy mjini Helsinki, wapigaji chelo wanne waliokuwa wakicheza nyimbo za Metallica bila mwimbaji wala gitaa, na albamu yao ya kwanza ya mwaka 1996 ilikuwa na nyimbo nane za bendi hiyo; "Ktulu" haikuwamo. Waliifikia mwaka 2024 tu, katika Plays Metallica, Vol. 2, wakiwa wamebaki wapigaji chelo watatu, na kwa ruhusa ya bendi wakapewa besi ya Burton kama ilivyorekodiwa Copenhagen. Chelo zinachukua nafasi ya magitaa, na kwa kuwa chelo inaweza kuvuta nota bila kuiachia, ule mzunguko wa mwanzo unapoteza ukali wa kudonolewa na kupata kitu kinachokaribia maombolezo. Juu yake, bila kubadilika hata nukta, inakuja besi ya kijana wa miaka 22.

Ningeogopa kwamba jambo hili ni hila ya biashara, kama ilivyo mara nyingi marehemu anapoingizwa katika rekodi mpya. Masikio yanasema vinginevyo. Kwa kuwa magitaa hayapo, besi ya Burton inasikika hapa kwa uwazi kuliko hata mwaka 1984, na inadhihirika kwamba alikuwa akiandika sauti ya pili kamili, ya kujitegemea, yenye haki ya kukaa pamoja na nyuzi. Kinachokosekana ni nguvu: mapigo ya mwisho, ambayo katika rekodi nyingine yanaanguka kama mawe, hapa ni mepesi, na solo ya Hammett ikihamishiwa kwenye chelo inakuwa nzuri bila kuwa ya hatari.

Sasa nani achague ipi? Aliyekwisha kuizoea roki au hevi metali na ambaye muziki wa okestra kwake ni mgeni aanze na S&M ya 1999, asikilize "The Ecstasy of Gold" na "Ktulu" mfululizo bila kukata, kisha arudi kwenye rekodi ya 1984 ili ajue kipi kilikuwapo tangu awali na kipi kiliongezwa na Kamen. Aliyezoea fidla, iwe za taarab au za Beethoven, na ambaye magitaa yaliyokwaruzwa humuumiza kichwa, aanze na Apocalyptica, kisha aende S&M2 ambako ala za okestra zinatenganika vizuri; akianza na 1984 huenda asifike dakika ya tatu. Mpiga besi, au yeyote anayejifunza ala hiyo, asipoteze muda popote kabla ya 1984 na 2024, akizisikiliza kwa kupokezana. Na aliye na fedha ya albamu moja tu achukue ya 1984, hata kama sifa nyingi katika makala haya nimempa Kamen, kwa sababu Ride the Lightning ina nyimbo nyingine saba ambazo takriban zote zinastahili bei yake, ilhali S&M ina nyimbo kadhaa za katikati ya miaka ya tisini ambazo okestra haikuziokoa.

Kuna wanaouliza kama si afadhali kuanza na "Orion", utunzi mwingine wa ala tupu uliotoka mwaka 1986 katika Master of Puppets, ambao wengi huuona kuwa ndio kilele cha Burton. Kwa uzuri wa sauti huenda wana haki. Sehemu yake ya katikati, mwendo unaposhuka na besi kubaki ikiongoza taratibu, ni tulivu kuliko chochote kilichomo "Ktulu". Lakini haimo katika S&M wala katika S&M2, kwa hiyo haimsaidii anayetafuta hevi metali iliyokutana na okestra.

Kuhusu athari za rekodi ya 1999 kwa wengine, ni haki kukumbuka kwamba Metallica hawakuwa wa kwanza. Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, walikwisha kupanda jukwaa la Royal Albert Hall mjini London pamoja na Royal Philharmonic Orchestra tarehe 24 Septemba 1969, wakicheza utunzi wa Jon Lord, mpiga kinanda wao, ulioandikwa tangu mwanzo kwa ajili ya bendi na okestra. Mafanikio ya S&M yalichofanya ni kuifanya njia hiyo iwe ya kawaida: Scorpions wa Ujerumani walitoa albamu na Berliner Philharmoniker mwaka 2000, Kiss wakafuata na okestra ya Melbourne mwaka 2003, na tangu hapo ni wachache miongoni mwa bendi kubwa za aina hiyo ambao hawajajaribu. Nyingi ya albamu hizo zinategemea nyimbo maarufu zenye viitikio, ambapo mwimbaji hubeba mzigo na fidla hupamba. Anayeridhika na "Ktulu" na kutaka zaidi ya aina yake, yaani ala tupu zenye safari ndefu, atapata riziki yake kwa Deep Purple wa 1969, ambapo sehemu kubwa ya utunzi ni ya ala peke yake na okestra hupewa kurasa nzima kabla ya bendi kuingia.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Katika huduma za kusikilizia muziki mtandaoni utunzi huu huonekana kwa jina lilelile mara kadhaa, na ni rahisi kuchukua usioukusudia. Rekodi ya studio ya 1984 haifiki dakika 9, za okestra zote mbili huzidi dakika 9 na hutanguliwa na makelele ya watazamaji, na ile ya Apocalyptica huandikwa pamoja na jina la Cliff Burton.